Kuchagua hema la familia litakalodumu: mwongozo kamili wa kitambaa, fito, zipu na mishono

Hema la familia mara chache huharibika kwa kuchanika katikati ya kitambaa. Huanza kushindwa pale vitu viwili vinapokutana: utepe unapobanduka kwenye mshono, zipu inapoacha kushikana, ufito unapopasuka kwenye kiungio, kona ya sakafu inapolika kwa kusuguliwa na changarawe. Anayenunua kwa kutazama rangi, idadi ya vyumba na picha iliyo kwenye boksi anaziacha sehemu hizi zote bila kuzikagua, na ndizo zitakazoamua kama hema litatumika msimu 1 au miaka 10. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao ununuzi wenyewe unapaswa kuufuata: kwanza ukubwa na umbo, kisha kitambaa, mifupa na viungo, halafu ukaguzi wa dukani na jaribio la nyumbani.

Hatua ya 1: Pima watakaolala, usisome idadi ya watu kwenye lebo

Mahema huandikwa "watu 4", "watu 6", "watu 8". Hesabu hiyo hupatikana kwa kuwalaza watu bega kwa bega, kila mmoja akipewa upana wa sentimita 55 hadi 60 tu. Haina begi, haina viatu, haina mtoto anayelala kwa kujigeuza. Ichukulie kuwa ni kipimo cha juu kabisa, kisha fanya hesabu yako mwenyewe kwa magodoro utakayotumia kweli.

Tuseme wazazi 2 wanalalia godoro la hewa lenye upana wa sentimita 140, na watoto 3 wana vigodoro vya sentimita 60 kila kimoja. Hiyo ni 140 jumlisha 180, yaani 320. Ongeza sentimita 10 kila upande ili mablanketi yasiguse ukuta, unafika 340. Hema la watu 6 lenye chumba cha upana wa sentimita 360 litawalaza, lakini mizigo yote itakaa kibarazani. Kama halina kibaraza, nenda kwenye la watu 8. Kwa wasiotaka kuhesabu, njia ya mkato ni kuongeza 2 kwenye idadi ya familia.

Kwa urefu wa chumba, chukua urefu wa mtu mrefu kuliko wote na uongeze sentimita 30. Kuta za mahema mengi huinama kwa ndani, kwa hiyo chumba cha sentimita 210 sakafuni kinaweza kuwa na sentimita 190 tu pale kichwa kinapofika. Kimo cha katikati kiwe angalau sentimita 190 kama watu wazima watataka kuvaa wakiwa wamesimama. Kwa safari za siku nyingi jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana dukani.

Ukubwa unahusiana moja kwa moja na kudumu. Hema lililojaa kupita kiasi husukumwa na magodoro kutoka ndani, ukuta wa ndani hugusana na kifuniko cha nje, maji hupenya pale vilipogusana, na zipu za milango hufungwa kwa kulazimishwa kila siku. Kubwa kupita kiasi nalo lina gharama yake: kitambaa kingi zaidi cha kukamatwa na upepo na uwanja mpana zaidi wa kutafuta. Pima pia sehemu ya kuwekea mizigo ndani ya gari. Hema la poliesta la watu 6 huwa na uzito wa takriban kilo 12 hadi 25, na la pamba la ukubwa huo linaweza kufika kilo 30 hadi 50.

Hatua ya 2: Chagua umbo kulingana na upepo

Maumbo makuu ni 3. Kuba, ambalo fito zake hupishana juu, husimama lenyewe hata kabla ya kupigiliwa vigingi, na upepo ukitoka upande wowote hulipita. Tatizo lake ni nafasi: likizidi watu 4 au 5, fito zinakuwa ndefu mno na hupoteza ugumu wake, isipokuwa ziongezwe fito nyingine zinazokatiza.

Handaki lina matao 3 au 4 yaliyopangwa sambamba. Hutoa nafasi kubwa kwa uzito mdogo na kuta zake zimesimama vizuri, ndiyo maana familia nyingi hulipenda. Lakini halisimami bila kamba na vigingi, na lina upande mmoja tu linaopenda kupokea upepo: nyuma, pale lilipo jembamba au fupi. Likipigwa ubavuni na upepo mkali, matao hulala. Ukilichagua, kumbuka kwamba kila uwanja utakaofika utalazimika kwanza kujua upepo unatoka wapi.

Hema lenye umbo la nyumba, kuta wima na miguu ya chuma, lina raha kuliko yote ndani yake na ni dhaifu kuliko yote kwenye upepo. Linafaa viwanja vilivyokingwa na miti au majengo. Aina ya kufunguka yenyewe kwa sekunde chache inavutia, lakini viungo vyake vya plastiki vina sehemu nyingi zinazozunguka, na kimoja kikivunjika mara nyingi hakuna kipuri. Kama kudumu ndiko unakokutafuta, iache.

Hatua ya 3: Kitambaa

Chaguo halisi kwa familia ni poliesta au mchanganyiko wa pamba na poliesta. Nailoni ina nguvu zaidi kwa uzito uleule, na ndiyo maana wapanda milima huipenda, lakini hunyonya unyevu na kulegea ikilowa, kwa hiyo hema linahitaji kukazwa tena usiku mvua ikinyesha. Pia hudhoofishwa na jua haraka zaidi kuliko poliesta. Kwa hema linalosimama juani mchana kutwa, poliesta ni chaguo salama.

Unene wa uzi hutajwa kwa denia, ambayo ni uzito kwa gramu wa mita 9000 za uzi huo. Kwa kifuniko cha nje cha hema la familia, denia 70 hadi 75 ni mahali pa kuanzia, na 150 ni kitambaa cha kazi ngumu. Angalia pia kama kina miraba midogo ya nyuzi nene zilizofumwa ndani yake. Miraba hiyo huzuia tundu dogo lisiendelee kuwa mpasuko mrefu.

Mchanganyiko wa pamba na poliesta ni mzito na wa gharama, lakini unapumua: mvuke wa watu waliolala hutoka kupitia kitambaa, ndani hakupati joto kali mchana wala matone mengi alfajiri. Ukitunzwa, huishi miaka mingi kuliko poliesta tupu. Sharti lake ni moja na halina msamaha: usifungwe ukiwa na unyevu. Pamba iliyokunjwa mbichi kwa siku chache huanza kuota madoa meusi ya kuvu, na madoa hayo hayatoki. Yanayobaki ni uvundo na kitambaa kilicholika. Familia isiyo na mahali pa kuanika hema zima baada ya safari isinunue pamba, hata kama ina uwezo.

Jua ndilo linaloua kitambaa polepole. Mionzi yake hukata nyuzi zenyewe, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Hema la poliesta lililosimama juani miezi mfululizo huchakaa kuliko lililotumika mwisho wa wiki kwa miaka kadhaa. Ukikusudia kuliacha limesimama muda mrefu, tafuta kitambaa kilichotajwa kuwa na kinga ya mionzi ya jua, na ulipige kivulini.

Hatua ya 4: Elewa namba ya maji

Lebo nyingi zina namba kama 1500, 3000 au 5000. Ni milimita za safu ya maji. Maabara husimamisha maji juu ya kitambaa na kuyaongeza mpaka matone yaanze kupenya; kimo kilichofikiwa ndicho namba hiyo. Kwa paa, 1500 huzuia mvua ya kawaida, na 3000 inatosha mvua kubwa yenye upepo. Kuvuka 5000 kwenye paa hakuna faida kubwa, na utando mnene wa poliurethani (plastiki inayopakwa kwenye kitambaa ili kuzuia maji) unaweza hata kukifanya kitambaa kichanike kwa urahisi zaidi.

Sakafu ni suala jingine. Goti la mtu mzima au kisigino hugandamiza kitambaa juu ya udongo uliolowa kwa nguvu kubwa kuliko tone la mvua linavyofanya. Sakafu iwe na 5000 au zaidi. Hema lenye paa la 4000 na sakafu ya 2000 limeundwa ili lisomeke vizuri dukani.

Namba hiyo hupimwa kitambaa kikiwa kipya. Baadaye mambo mawili hutokea, na watu huyachanganya. La kwanza ni kuisha kwa dawa ya nje inayofanya matone yabingirike. Kitambaa hulowa na kuwa kizito, lakini maji hayajapenya bado. Safisha kisha nyunyizia dawa mpya. La pili ni kuoza kwa utando wa ndani wa poliurethani kutokana na joto na unyevu wa mahali pa kuhifadhia. Unautambua kwa kunata, kutoa harufu kali ya uchachu na kubanduka magamba. Hapo hema limefika mwisho, maana kuupaka upya paa zima ni kazi kubwa isiyolipa. Utando wa silikoni hauozi kwa namna hiyo na huongeza nguvu ya kitambaa dhidi ya kuchanika, ila utepe wa mishono haushiki juu yake. Ndiyo maana mahema mazuri hupakwa silikoni nje na poliurethani ndani.

Hatua ya 5: Fito na mifupa

Faibaglasi ndiyo ya kawaida kwenye mahema ya bei ya chini na ya kati. Inapinda vizuri, lakini ikichoka hupasuka kwa urefu, kuanzia mwisho wa kipande pale kinapoingia kwenye kiungio cha chuma. Nyufa zake hutoa vijiti vidogo vinavyochoma mkono na kutoboa kitambaa. Kwa hema la familia usikubali faibaglasi nyembamba kuliko milimita 9.5, matao makubwa yawe na 11 hadi 12.7. Na usinunue kama huwezi kupata vipande vya akiba vya unene huohuo.

Alumini ni bora, hasa aloi (michanganyiko ya metali) zinazoandikwa 7001-T6 au 7075-T6. Ikizidiwa hupinda kabla ya kuvunjika, na ufito uliopinda unaweza kuvishwa bomba fupi la dharura na hema likaendelea kusimama mpaka safari iishe. Chuma hutumika kwenye miguu wima. Ni kigumu, kizito, na kutu huanzia ndani ya viungio pale rangi ilipokwaruzwa. Chomoa kipande kimoja dukani na utazame ndani yake.

Mahema ya matao ya hewa yameenea, na si ya kuchezea kama wengi wanavyodhani. Tao zuri lina mpira wa ndani, ganda gumu la kitambaa juu yake na zipu ya kuufikia. Kagua mambo matatu. Kila tao liwe na vali yake, ili moja likivuja mengine yabaki. Shinikizo linalotakiwa liwe limeandikwa karibu na vali, na pampu iwe na kipimo cha shinikizo. Mpira wa ndani uweze kutolewa na kununuliwa peke yake. Jua kali la mchana hutanua hewa ndani ya tao, kwa hiyo lililojazwa hadi mwisho asubuhi ya baridi lipunguzwe kidogo kabla ya adhuhuri. Usiku likilegea, ongeza.

Kwa aina yoyote ya fito, tazama lastiki inayopita ndani. Ukivuta vipande viwili mbali kidogo na kuviachia, virudi pamoja kwa haraka. Unapozikunja, anza katikati kuelekea ncha zote mbili, ili lastiki isivutwe upande mmoja tu. Na ufito unapopita kwenye ala yake ya kitambaa husukumwa, hauvutwi. Ukiuvuta, viungio huachana ndani na kingo zake huikata ala.

Hatua ya 6: Zipu, hapa ndipo ukae muda mrefu

Mlango wa hema la familia hufunguliwa na kufungwa makumi ya mara kwa siku, mara nyingi na mtoto, mara nyingi gizani, na mara nyingi ukiwa na mchanga. Hakuna sehemu nyingine inayofanya kazi kiasi hicho. Ni hapa pia ambapo mtengenezaji huona njia rahisi ya kupunguza gharama, kwa sababu zipu nyembamba na zipu nene zinafanana kwenye picha.

Zipu hupewa namba kwa upana wa meno yake. Kwa milango ya nje tafuta namba 8 au 10. Namba 5 inafaa chumba cha ndani chenye wavu. Meno ya msokoto wa nailoni ni bora kwa hema kuliko ya chuma, kwani hayashiki kutu na yakiachana sehemu moja, mara nyingi hurudi ukipitisha kichwa cha zipu tena.

Fanya jaribio hili kwa kila mlango. Fungua na ufunge mara 5 kwa mkono mmoja, haraka. Sikiliza kama kichwa kinakwama mahali palepale kila mara. Pinda zipu iwe tao kali, kisha uipitishe tena. Zipu dhaifu huachana kwenye mkunjo. Tazama njia yake: mlango wenye pembe kali huichosha zipu kwenye kona, ule wa tao pana huidumisha. Angalia kama kitambaa cha kuzuia mvua kilichoshonwa juu yake kina ukingo mgumu, la sivyo kitanaswa na meno kila usiku. Kila mlango uwe na vichwa viwili, ili uweze kufungua juu kupitisha hewa huku chini kumefungwa.

Zipu inayopita lakini haifungi, yaani meno yanabaki wazi nyuma ya kichwa, kwa kawaida haijafa. Mchanga umekula ndani ya kichwa na pengo limepanuka. Banza pande za kichwa kwa koleo, kidogo sana, upande mmoja kisha wa pili, na ujaribu. Ukibanza kwa nguvu mara moja, kitapasuka. Kama haikusaidia, badilisha kichwa peke yake badala ya zipu nzima. Ndiyo maana ni vizuri kununua hema ambalo zipu zake zina namba na chapa inayosomeka nyuma ya kichwa.

Zipu nyingi huuawa na namna hema linavyopigwa. Funga milango yote kabla ya kupigilia vigingi. Ukipigilia ikiwa wazi, sakafu hutandazwa kupita upana wake, na kuanzia hapo kila kufunga ni kuvuta.

Hatua ya 7: Mishono na vitanzi

Geuza kifuniko cha nje na utazame upande wa ndani. Mshono mzuri una kingo mbili zilizokunjwa na kuingizwa moja ndani ya nyingine, na safu mbili za uzi sambamba. Juu yake kuna utepe wa plastiki uliobandikwa kwa joto. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa utepe huo, usinyanyuke. Kagua zaidi pale mishono mitatu inapokutana, kwa sababu hapo utepe huacha mfuko mdogo wa hewa na ndipo uvujaji wa kwanza huanzia. Chukua tochi, mtu mmoja aimulike kutoka nje: mwanga unaopenya kwenye matundu ya sindano yasiyofunikwa ni njia ya maji.

Halafu vitanzi vya kamba na vya vigingi. Kila kitanzi kiwe cha mkanda uliofumwa, kishonwe kwa mishono mifupi iliyosongamana, na nyuma yake pawe na kiraka cha kitambaa cha ziada. Kivute kwa nguvu ya mkono. Ukiona matundu ya uzi yanafunguka kwenye kitambaa kinachokizunguka, upepo wa kwanza wa maana utaking'oa.

Hatua ya 8: Sakafu

Sakafu iwe imeshonwa pamoja na chumba cha kulala na ipande ukutani kwa sentimita 10 hadi 15, ili maji yanayotiririka ardhini yasiingie. Plastiki iliyofumwa, ile inayotoa sauti ukiikanyaga, ni ngumu na haichakai haraka, ila ikikunjwa sehemu ileile kila mara hupasuka mstarini. Poliesta iliyopakwa utando ni laini na hukunjika vizuri.

Nunua au kata tandiko la kuweka chini ya sakafu, na lirudi ndani kwa sentimita 5 kila upande. Likitokeza nje, hupokea maji ya paa na kuyapeleka chini yenu moja kwa moja. Watu wengi hulaumu sakafu kwa kuvuja huku kosa likiwa ni la tandiko.

Hatua ya 9: Hewa

Mtu mmoja aliyelala anaweza kutoa karibu nusu lita ya maji kwa usiku kwa pumzi na jasho. Familia ya watu 4 inaweza kufikia karibu lita 2, na sehemu yake hugeuka matone kwenye kitambaa chenye baridi. Wengi huamka na kusema hema limevuja. Futa ukuta kwa kidole: unyevu uliosambaa sawasawa ni mvuke, na unyevu uliojikusanya kwenye mstari mmoja au nukta moja ni mshono.

Kwa poliesta, hema la kuta mbili ni la lazima, likiwa na pengo la angalau sentimita 5 kati ya cha ndani na cha nje. Pawe na matundu ya hewa chini na mengine juu kabisa, yanayoweza kubaki wazi mvua ikinyesha. Matundu ya juu peke yake hayatoshi, maana hewa yenye joto haipandi kama hakuna ya kuingia chini.

Usipike wala kuwasha mkaa ndani, hata kwa kupasha joto tu na hata mlango ukiwa wazi. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Alama ya kuzuia moto kwenye kitambaa ina maana kwamba moto hauenei haraka, si kwamba hakiungui.

Hatua ya 10: Kamba na vigingi

Vigingi vinavyokuja ndani ya boksi huwa vyembamba hata kwenye mahema ya gharama. Tenga fedha za kuvibadilisha siku ileile. Kwa udongo wa kawaida chukua vya sentimita 20 hadi 25 vyenye umbo la V au Y. Kwa ardhi ngumu yenye mawe, vya chuma vya unene wa milimita 8. Kwa mchanga, vipana vya sentimita 30 au zaidi. Hesabu vitanzi vyote vya hema, ongeza 6. Kigingi huingia kikiwa kimeinama, kichwa chake kikielekea mbali na hema, ili kamba na kigingi vifanye takriban pembe mraba.

Kamba ziwe na unene wa milimita 3 hadi 4 na nyuzi zinazong'aa kwa tochi. Hema zuri lina vitanzi vya kamba pale ufito ulipo, kwa sababu kamba iliyofungwa kwenye kitambaa kitupu inakivuta kitambaa badala ya kuushikilia mfupa.

Dukani: dakika 20 za ukaguzi

Omba lisimamishwe. Duka likikataa kabisa, angalau litolewe lote kwenye mfuko. Ingia ndani na watu wote wa familia mliokuja nao, laleni. Kisha pitia kwa mpangilio: zipu zote, mishono ya paa kwa tochi, vitanzi 4 vya kona, viungio vya fito, matundu ya hewa, ukingo wa sakafu. Soma lebo ya kitambaa iliyoshonwa ndani, maana ya boksi mara nyingine hutaja paa pekee. Uliza kama fito na vichwa vya zipu huuzwa kando. Ukiona EN ISO 5912, hiyo ni kanuni ya mahema ya kambi yenye masharti na vipimo vyake. Kutokuwepo kwake si dalili ya ubovu, ila kuwepo kwake kunapunguza kubahatisha.

Hema lililotumika linaweza kuwa ununuzi mzuri kama limekaa kivulini. Bana kitambaa cha paa, upande uliokuwa ukipigwa na jua, kati ya vidole gumba viwili na ukivute kwa nguvu. Kikichanika kama karatasi, usijadiliane bei. Kisha nusa ndani ya mfuko wake. Uvundo wa kuvu au uchachu wa utando unaooza hufika puani kabla jicho halijaona kitu.

Nyumbani, kabla siku za kurudisha hazijaisha

Lisimamishe lote, na kamba zote. Lisiwe la mara ya kwanza kambini. Lenye poliesta: linyunyizie maji kwa mpira kwa dakika 15, maji yakianguka kutoka juu kama mvua, si kwa kurusha kutoka chini kwenda juu kwani hakuna mvua inayonyesha hivyo. Mtu mmoja akae ndani na karatasi kavu ya kufutia, apitishe kwenye kila mshono na kila kona ya sakafu, na aweke alama kwa chaki palipolowa. Nukta moja au mbili huzibwa kwa gundi ya mishono: ya poliurethani kwa utando wa poliurethani, ya silikoni kwa silikoni, kwa sababu moja haishiki juu ya nyingine. Uvujaji kwenye zaidi ya mishono mitatu ni sababu ya kulirudisha.

La pamba linahitaji kuloweshwa kabisa na kukaushwa kabisa mara 2 au 3 kabla ya safari ya kwanza. Nyuzi huvimba na kuziba matundu ya sindano. Matone machache kwenye mishono mara ya kwanza ni ya kawaida na hayahesabiwi kama kasoro.

Likishakauka, liviringishe bila kulikunja kwenye mistari ileile ya kiwandani, na ulihifadhi mahali pakavu na baridi, kwenye mfuko mkubwa uliolegea. Baada ya kila safari litolewe na kuanikwa kivulini ndani ya saa 24, hata kama lilionekana kavu mlipolifunga. Usafi wake ni maji ya vuguvugu, sifongo na sabuni laini. Mashine ya kufulia inaweza kubandua utando na tepe. Na ndani ya mfuko wa vigingi uwekwe mfuko mdogo: bomba la kuvisha ufito uliovunjika, mita 5 za lastiki ya milimita 3, vichwa 2 vya zipu vya namba inayolingana, viraka vya kujibandika, gundi ya mishono, koleo dogo na kamba ya ziada.